Kuwaita vipepeo juu ya lava: mwongozo wa bustani ndogo ya Goma

Parseli yetu iko katika mtaa uliopitiwa na lava ya mlima Nyiragongo, Januari 2002. Ukipiga jembe chini, linaruka na kukurudia. Ukitoa nyumba, choo na tangi la maji, eneo lililobaki ni mita nne kwa tatu, na nusu yake ni jiwe jeusi lisilochimbika. Hapo ndipo tunapopata vipepeo tangu mvua za Septemba hadi mwishoni mwa Mei. Wengine hawapiti tu. Wanataga hapo, wanakulia hapo, na siku ya kuruka wanarukia hapo hapo, ndani ya ukuta wetu.

Majirani wakiingia huuliza tulipanda ua gani. Mimi huwaonyesha mche wa ndimu wenye majani yaliyoliwa nusu. Ua humlisha kipepeo mzima kwa dakika chache, kisha anaruka ukuta na kwenda zake. Anachokitafuta jike siku nzima ni jani la kutagia, na kila aina ya kipepeo ina majani yake machache ambayo watoto wake wanaweza kula. Mengine yote kwao si chakula. Ukimwona kipepeo anatua juu ya jani, anapapasa kwa miguu, anaruka, anatua juu ya jingine, ujue anaonja: miguu yake ndiyo inayomwambia kama jani ni lenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jani, na ua litakuja baadaye.

Kwanza, angalia jua linapopiga

Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na asubuhi zetu ni za baridi. Kipepeo hawezi kuruka mpaka mwili wake upate joto, na joto hilo halitoki ndani yake, analiomba kwa jua. Hapa ndipo jiwe letu la volkano linapotusaidia. Ni jeusi, na jua likilipiga saa moja tu linakuwa la moto kuliko udongo wa kando yake. Kuanzia saa tatu asubuhi utawaona wametanua mabawa juu yake kama nguo zilizoanikwa.

Kabla ya kununua mche wowote, kaa siku moja ya Jumapili ukiangalia kivuli cha nyumba kinavyotembea. Unatafuta sehemu inayopata jua tangu asubuhi hadi saa nane hivi. Weka hapo mawe mawili matatu mapana, yaliyolala, na mimea iwe nyuma yake. Kisha fikiria upepo, maana ule unaotoka ziwani mchana huwasumbua sana. Ukuta wa mawe, ukingo wa mbao au uzio wa mubirizi, ule mmea wa majani machungu, unatosha kuukata. Mubirizi una faida nyingine: ukiuacha utoe maua yake meupe badala ya kuukata kila mwezi, nyuki na vipepeo wataushambulia.

Udongo

Anayekaa kwenye lava mpya anaijua kazi hii. Udongo unakuja kwa gunia, mara nyingi juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na unaulipia. Usijaribu kufunika parseli nzima. Tumia magunia ya mchele, mabeseni yaliyopasuka, bidoni za litre 20 zilizokatwa juu. Toboa chini, weka changarawe za volkano kimo cha vidole vinne ili maji yasituame, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mche wa ndimu unahitaji bidoni nzima, maua ya msimu yanatosheka na beseni.

Kwa wenye udongo wa zamani huko mitaa ya Himbi au Keshero, chimbeni tu na mshukuru.

Majani ya kulea viwavi

Ukiwa na nafasi ya mmea mmoja tu, panda ndimu. Mandarini au chungwa pia ni sawa. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayejulikana kwa wataalamu kama Papilio demodocus, yupo karibu Afrika yote kusini mwa Sahara na anakubali kuishi mjini. Huhitaji mche ghali wa kupandikizwa, kwa sababu hutafuti matunda. Chukua mbegu za ndimu ulizokamua kwenye samaki, zipande siku hiyo hiyo kabla hazijakauka. Mche ukifika magotini, jike atauona.

Panda miche minne au mitano. Hili wengi hulikosea. Mche mmoja wenye majani kumi na tano hauwezi kushibisha viwavi watano. Siku za mwisho kabla ya kugeuka, kiwavi mmoja anamaliza jani moja baada ya jingine. Ukiwa na miche mingi, mmoja ukiliwa hadi vijiti unawahamishia kwenye mwingine, na ule wa kwanza unachipua tena ndani ya wiki chache. Ndimu haifi kwa kuliwa majani mara moja moja.

Yai ni dogo kama kichwa cha sindano, la rangi ya njano hafifu, na mara nyingi liko kwenye jani changa la juu. Linapasuka baada ya siku chache, kutegemea joto. Kiwavi anayetoka anafanana na kinyesi cha ndege: kahawia, mweupe katikati, analala wazi juu ya jani bila kujificha, na ndege wanampita. Usimfute ukidhani ni uchafu. Baadaye anabadilika kuwa wa kijani na mnene kama kidole kidogo cha mtoto. Mguse kidogo mgongoni kwa kijiti: nyuma ya kichwa chake zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali inatoka, kama ndimu iliyochacha. Hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi na nyigu. Sekunde chache tu, pembe zinarudi ndani, naye anaendelea kula.

Mama mmoja jirani yetu siku moja alisimama mbele ya bidoni akashika kiuno. "Papa, hii midudu itamaliza ndimu yako yote, na wewe uko unaangalia tu?" Nikamwambia, "Mama, hiyo ndimu ni yao." Alicheka, lakini baada ya wiki tatu alimleta mjukuu wake aone.

Mmea wa pili ni marakuja. Upandishe ukutani au juu ya kamba za choo, hauchukui nafasi chini. Vipepeo wadogo wa jamii ya Acraea, wenye mabawa mekundu au ya machungwa yanayopitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta, baadhi yao hulea watoto kwenye majani ya marakuja. Viwavi wao wana miiba yenye matawi na hula kwa makundi. Wana ndugu yao anayekula majani ya viazi vitamu, na huyo wakulima wa maeneo yetu ya Maziwa Makuu wanamjua kwa hasara anayoleta. Kama viazi ni chakula cha nyumba, usimkaribishe. Toa majani yenye makundi ya viwavi kwa mkono. Sisi tumeacha mtambaa mmoja wa viazi kwenye kona kwa ajili yake, na ile mingine tunaichunga.

Wa tatu ni ule mti wa pembeni ya barabara wenye maua ya njano yaliyosimama kama mshumaa, na vitumba vyeusi juu yake, ambao majani yake ukiyasugua yananuka. Ni jamii ya Senna. Unamvuta kipepeo mweupe mwenye kijani kwa mbali, Catopsilia florella, anayeruka haraka na wakati mwingine hupita mjini kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja. Mti huu unakua haraka kupita bustani ndogo, kwa hiyo ukate kimo cha kiuno kila baada ya miezi michache. Jike anapenda majani machanga yanayochipuka baada ya kukatwa. Matawi uliyokata usimpe mbuzi, yana sumu.

Wa nne ni Gomphocarpus, kichaka chembamba chenye matunda ya kijani yaliyojaa hewa, yenye vinyweleo laini, na utomvu mweupe ukivunja jani. Kwenye mashamba yaliyolala huota wenyewe. Yule kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, Danaus chrysippus, watoto wake wanakula mimea ya ukoo huu. Kiwavi wake ana pete nyeusi, nyeupe na za njano, tena hajifichi, kwa sababu sumu ya utomvu inakaa mwilini mwake na ndege akimwonja mara moja hatamrudia. Nawa mikono baada ya kuushika mmea huu, usijipanguse macho, na usiuweke mahali ambapo mtoto mdogo anatambaa.

Ukishamzoea huyo wa machungwa, mwangalie vizuri. Pengine siye. Kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu yoyote, lakini jike wake amevaa rangi zile zile ili ndege wamwogope. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, huwezi kudhani ni mume na mke. Viwavi wao hula portulaka, lile gugu la majani manene linalotambaa katikati ya mawe bila kuhitaji udongo wa maana. Kwenye lava linaota vizuri. Usiling'oe.

Maharagi nayo, ukiyaacha yatoe maua, huleta vipepeo wadogo wa buluu wasiozidi ukucha wa kidole gumba.

Sasa maua

Kipepeo hunywa kwa mrija mwembamba anaoukunja kama springi ya saa. Anataka ua analoweza kusimama juu yake na kufikisha mrija ndani. Kwa sababu hiyo ua la safu moja ya petali linamfaa kuliko lile lililofugwa likajaa petali mpaka katikati hakuonekani. Wauzaji wa miche watakusifia haya ya pili. Yaache.

Zinia ndiyo rahisi kuliko yote: mbegu zinaota ndani ya wiki moja, na baada ya miezi miwili hivi una maua. Panda kundi moja Septemba mvua zikianza, jingine Novemba, jingine Machi, ili maua yasikatike. Kata yale yaliyonyauka, mengine yatatoka. Kosmosi inafanana nayo kwa matunzo. Pentasi, yenye vifungu vya nyota nyekundu au za waridi, asili yake ni huku kwetu Afrika, inadumu miaka, na unaweza kuipata kwa kukata kijiti cha jirani na kukichomeka. Weka rangi moja pamoja, beseni zima la zinia nyekundu, badala ya kuchanganya ua moja moja. Kipepeo anayepita juu huliona kundi.

Ukingoni panda titonia, lile ua la njano kama alizeti dogo linaloota kwenye kingo za mashamba. Likizidi kimo, likate, na majani yake uyafukie kwenye magunia yako, ni mbolea nzuri. Kishonanguo pia, ingawa kinaudhi kwenye suruali, kina nekta ambayo vipepeo wadogo huipenda sana. Mimi huacha mashina matatu.

Kuhusu lantana ninasita. Hakuna ua linalojaa vipepeo kama hilo. Lakini ndege wanakula matunda yake na kuzitawanya mbegu hadi malishoni, na majani yake yanadhuru ng'ombe na mbuzi. Kama tayari unayo, kata vifungu vya matunda kabla havijaiva. Kama huna, usiilete.

Mche ulionunuliwa pembeni ya barabara mara nyingi umepuliziwa dawa. Utenge na mimea ya viwavi, uumwagilie, na majani ya kwanza uliyokuja nayo usiyategemee. Subiri machipukizi mapya.

Tope na ndizi

Madume hutafuta chumvi, na huipata kwenye tope. Chukua sahani pana au kifuniko cha ndoo, jaza mchanga wa ziwa, changanya samadi kidogo na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Kila asubuhi lowesha kwa maji uliyooshea mchele. Mchanga uwe na unyevu tu, maji yasisimame juu yake, maana yakisimama siku chache utakuwa unafuga mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Kwa njia hii kikombe kimoja cha maji kwa siku kinatosha, jambo la maana kwetu tunaopanga foleni na bidoni.

Wapo vipepeo wasiojali maua kabisa, wale wenye mwili mnene na mabawa magumu, wa jamii ya Charaxes, ambao hunywa matunda yaliyochacha na utomvu wa miti. Wanakuja zaidi kwenye mitaa yenye miti mikubwa. Ponda ndizi iliyoiva hadi ikawa nyeusi, nyunyiza vijiko viwili vya kasiksi, yaani pombe ya ndizi, weka kwenye kifuniko kilichoning'inizwa kwa waya. Waya upake grisi ili sisimizi wasishuke. Badilisha baada ya siku mbili, la sivyo nzi wanatawala.

Vitu vinavyoua

Dawa ya wadudu haichagui. Inayoua kiwavi wa kabichi inamuua na wa ndimu. Hata zile za kienyeji, tumbaku, pilipili, mwarobaini, zimetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Mboga zako ukilazimika kuzitibu, zitibu jioni pasipo upepo, na zikae upande wa mbali.

Jambo la chandarua nilijifunza kwa uchungu. Kuku walikuwa wakidonoa viwavi, nikafunika miche ya ndimu kwa chandarua cha zamani cha kitandani. Kesho yake asubuhi viwavi sita walikuwa chini, wamekunjamana, wamekufa. Vyandarua vya kuzuia mbu vimetiwa dawa, na dawa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mbu peke yao. Tumia neti ya kawaida isiyo na dawa, au kitambaa chepesi cha pazia, au uweke bidoni juu ya meza ambako kuku hafiki.

Nyigu wadogo nao hutaga ndani ya viwavi. Ukiona kiwavi amesimama bila kula na vifuko vidogo vyeupe vimemganda mwilini, huyo amekwisha. Waache, nyigu hao ndio wanaopunguza wadudu wa mboga zako pia.

Watoto wafundishwe kutazama. Kiwavi asivutwe kutoka kwenye jani, ameshikilia kwa nyuzi za hariri na miguu yake hukatika. Kata jani lenyewe umhamishe nalo. Wenye manyoya marefu wasiguswe kabisa. Wengi wao ni watoto wa nondo, na manyoya yale yanawasha ngozi siku nzima.

Asubuhi ya kutoka

Baada ya wiki mbili tatu kiwavi anaacha kula, anatembea hovyo, kisha anajifunga. Yule wa ndimu anajifunga kwa uzi kiunoni, kichwa juu, mara nyingi kwenye kijiti au hata ubao wa nyumba, na kifuko chake kinakuwa cha kijani au cha kahawia kulingana na alipojishika. Yule wa machungwa mwenye sumu ananing'inia kichwa chini, na kifuko chake kina nukta zinazong'aa kama dhahabu. Weka alama ya uzi mwekundu karibu ili asiyejua asifagie hapo.

Wiki mbili hivi nyingine, kutegemea baridi. Siku moja kifuko kinaanza kupitisha mwanga na unaona rangi za mabawa ndani. Kesho yake amka mapema. Ganda linapasuka upande wa kichwa, anatoka akiwa amelowa, mabawa yake madogo yamekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Anapanda mahali anapoweza kuning'inia, na kwa dakika kumi, kumi na tano, mabawa yanashuka taratibu yakijaa maji ya mwili wake. Matone mekundu yanadondoka. Si damu, ni mabaki ya ndani ya kifuko. Usimsaidie kwa kidole. Bawa likikunjwa katika dakika hizo halinyooki tena. Atakaa saa moja au mbili mpaka yakauke, jua lifike kwenye jiwe, ndipo aruke.

Kiangazi na moshi wa mlima

Juni hadi Agosti mvua inapokosa, vipepeo hupungua. Mwagilia ndimu na pentasi kwanza, zinia ziache zife na ukusanye mbegu. Mlima ukitoa moshi mwingi na mvua ikashuka nao, majani huungua madoa ya kahawia. Siku hiyo suuza miche kwa maji safi kama unayo, na sogeza mabeseni chini ya paa.

Usifagie wala kukata matawi makavu yote wakati huo. Vifuko vingine vinakaa juu yake. Pitia kijiti kimoja kimoja, ulichokagua ndicho ukate, na vilivyobaki viache mpaka mvua ya kwanza ya Septemba, ukishapanda zinia mpya.